Mkono Uliosahau Kufinya

Pirohi ya kwanza ilifumuka sufuriani kabla Bibi Olha hajamaliza kupiga ishara ya msalaba. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilifunguka taratibu, kwa madaha, kama mtu anayevua koti kwenye nyumba aliyoizoea, ikamwaga viazi vyake vyote kwenye maji ambayo muda mfupi uliopita yalikuwa safi.

Jikoni kukawa kimya. Katika ukumbi ule wa chini ya kanisa, upande wa kaskazini wa Winnipeg, wanawake wa parokia wanaweza kuongea wote kwa mpigo tangu asubuhi hadi mchana bila mmoja wao kuvuta pumzi. Kwa hiyo wakinyamaza, ujue kuna msiba, au kuna pirohi imefumuka, na wenyewe hawaoni tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Pirohi, kwa asiyewahi kuila, ni kama sambusa iliyokataa kukaangwa. Unachukua kiduara cha unga, unaweka viazi na jibini katikati, unakunja, unafinya ukingo kwa dole gumba na kidole cha shahada, unatupa kwenye maji yanayochemka. Kila Ijumaa ya Kwaresima mji mzima huja kuzinunua, zikiwa na vitunguu vya kukaanga juu. Unga hata mtoto ataukanda. Viazi hata mwanamume atavimenya. Ujanja wote uko kwenye kufinya.

Paraska Hnatiuk, mwenye jiko, mwanamke wa miaka sabini na minane aliyeshika mwiko wenye matundu kama askofu anavyoshika fimbo yake, aliopoa ganda lililofunguka akaliinua juu. "Hii ni ya nani?"

Aliuliza tu kwa kutimiza utaratibu. Kila mwanamke pale alikuwa na ufinyaji wake, na Paraska aliutambua kama mwalimu anavyotambua mwandiko.

"Ya Darka," alisema Bibi Olha, kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka mingi kuisema sentensi hiyo.

Darka alikuwa mkwe wa Paraska, mwanamke wa miaka arobaini na saba, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mfinyaji hodari kuliko wote mezani. Aliuficha mkono wake wa kulia chini ya aproni.

"Unga umekauka leo, Mama."

"Unga nimeuchanganya mimi."

Basi habari ya unga ikaishia hapo.

Jikoni mle mtu alishuka cheo kwa ngazi. Ukishindwa kufinya, unapelekwa kuviringisha viazi. Ukishindwa viazi, unapelekwa kupakia kwenye mifuko pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza. Chini kabisa kuna sinki, na masufuria yake yanayomtosha mtu kuoga. Wengine huchukua miaka kushuka ngazi hizo. Darka alizishuka zote asubuhi moja, maana viazi navyo vilimdondoka, na mifuko ikamshinda kufunga fundo.

Paraska alimfuata penye sinki, akamsogelea sikioni. "Nitawaambia umeweka nadhiri ya Kwaresima."

"Nadhiri ya nini, Mama?"

"Ya unyenyekevu. Kwa hiyo nyenyekea, usininunie mbele za watu."


Nyumbani, asubuhi ya Jumatatu, Orest, mwana wa Paraska, alikuwa akimfunga mkewe Darka vifungo vya blauzi. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye vidole vinene vya mtu aliyekaza boliti maisha yake yote. Tangu Krismasi kiwanda cha mabasi kilikuwa kimempumzisha, kama wenyewe walivyoliita jambo hilo, ijapokuwa yeye hakuwa amesema amechoka.

"Zamani kazi yangu ilikuwa kuvifungua," alisema. "Naona nimepandishwa cheo."

"Harakisha, nitachelewa."

"Darka, nenda kwa daktari."

"Baada ya Pasaka."

"Jana umeangusha kikaango. Juzi kikombe. Tukifika Pasaka tutakuwa tunakula kwa kushika na mikono."

"Basi wewe utafurahi, hutaosha vyombo." Alicheka, lakini Orest hakucheka, akabaki ameshika kile kifungo cha juu bila kukifunga. Ikabidi Darka aongee naye kama mtu mzima. "Sikiliza. Baada ya Pasaka wanachagua watatu wa kuajiriwa moja kwa moja. Watatu, kati yetu vibarua wote. Kazi ya kudumu, na bima ya dawa, na ya kutibu meno yako yale mawili. Nikienda leo kuandikisha mkono mbovu, nani atampa mkono mbovu kazi ya kudumu?"

"Na usipoandikisha?"

"Utakuwa mkono mbovu wenye kazi ya kudumu."

Orest akafunga kifungo. Kilikuwa kimeruka tundu moja, na blauzi ikawa imekaa upande, lakini hakuna aliyeliona hilo mpaka Darka alipofika kazini na kuambiwa na kijana wa mapokezi.


Kazi yenyewe ukiisikia utasema ni ya kitoto. Kampuni ilikuwa ya bima ya mazao. Ilipokea picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, na kabla ya msimu wa kupanda ilibidi kila shamba lizungushiwe mstari kwenye kompyuta: hapa ngano, hapa kanola ya kukamua mafuta, hapa kinamasi kisicholipiwa. Darka alisogeza kipanya kidogo, akabofya, akasogeza, akabofya, akalizunguka shamba mpaka akarudi alikoanzia, kisha akafunguliwa jingine. Nyanda zile hazina mwisho. Unaweza kuzibofya toka ubatizo mpaka mazishi na bado ukabaki mkoa mzima wa Saskatchewan.

Kipanya chenyewe kilikuwa kitu chepesi, chenye umbo la sabuni iliyotumika kidogo. Ukikiona huwezi kukidhania ubaya. Lakini kiganja kilikaa juu yake toka anaingia mpaka anatoka, kifundo kimekunjwa kwenye ukingo wa meza, kidole cha shahada kikipanda na kushuka, bega likiwa limeinuliwa kama la mtu anayesubiri kupigwa. Na juu ya skrini ya msimamizi kila mfanyakazi alikuwa na kidoti chake. Kipanya kikitembea, kidoti ni cha kijani. Kipanya kikipumzika, kidoti kinageuka njano, na anayetaka kuajiriwa baada ya Pasaka hapendi kuwa wa njano.

Vidole vilianza kumwasha Septemba. Oktoba vikawa vinawaka moto alfajiri, akawa anaamka na kuvikung'uta kama anayekung'uta kipimajoto. Kufikia Krismasi moto ulipoa, vikawa havisikii kitu, naye akajiambia amepona.

Wiki ile alijaribu kuhamisha kipanya mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa na nia njema sana, lakini ulichora kama mlevi.

Kendra, msimamizi wao, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwenye chupa ya maji kubwa kama mtungi wa gesi, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. "Darka, yule mzee wa karibu na mji wa Brandon umempa kipande cha reli."

"Reli?"

"Mstari wako umeivuka. Sasa reli iko ndani ya shamba lake la ngano. Akianza kuidai treni kodi, tutasema nini?"

Wenzake wa meza za jirani wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa hodari sana wa kucheka siku hizo. "Nitaifuta, dada. Macho tu. Nahitaji miwani."

"Haya. Halafu usisahau, Ijumaa hii nataka dazani nne. Mume wangu anaziota." Kendra akashusha sauti kama anayeulizia dawa ya kienyeji. "Unazifinya wewe mwenyewe, si ndiyo? Siyo zile za mashine?"

Hapo Darka alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Lakini ofisi nzima ilikuwa inamtazama, muda mfupi baada ya habari ya reli, na Darka aliitaka kazi ile. Akainua mkono wa kulia juu, akavichezesha vidole asivyovisikia.

"Kwa vidole hivi hivi," alisema. "Maelfu. Mashine inanionea wivu."


Aliyempeleka kwa daktari ni Orest, na alimpeleka kwa hila. Alimwambia wanakwenda kununua matairi.

Daktari Villaruel alikuwa mwanamke mfupi wa Kifilipino, mwenye soksi za rangi mbili tofauti na haraka ya mtu ambaye chumba cha kungojea kimemjaa. Alimwagiza Darka alaze mkono juu ya meza, kiganja juu, na afumbe macho.

"Utaniambia kila nikikugusa na hii sindano."

"Sawa." Darka akangoja. Alisikia saa ya ukutani, akamsikia Orest akihema. Akaendelea kungoja. "Anza basi, daktari."

"Nimeshamaliza," alisema daktari.

Darka alifumbua macho. Kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na vidoti vyekundu vidogo. Orest alikuwa amegeukia ukutani anasoma tangazo la chanjo ya watoto wachanga, kwa makini mno kwa mtu asiye na mtoto mchanga.

Daktari alimwonyesha nyama ile ya chini ya dole gumba. Ya kushoto ilikuwa imejaa; ya kulia ilikuwa imenywea, kama mto wa kitanda ulioshindiliwa na kichwa. Akaeleza kwamba mshipa wa fahamu unapita kwenye kifundo cha mkono kama mtu anayepita mlango mwembamba, na mlango wa Darka umevimba, umeubana mshipa. "Kipanya peke yake si mchawi," alisema. "Lakini mkao uleule, kutwa nzima, kwa miaka, bila kupumzika, mkono hauwezi. Na hayo maumivu yaliyokwisha, usiyafurahie. Mshipa ukiacha kulia si kwamba umeshiba."

"Pasaka imebaki wiki chache tu. Haiwezi kusubiri?"

"Kuupasua kuna foleni ya miezi. Kila wiki unayobofya unauongezea mshipa njia ya kufa. Ukifa, hata nikupasue kwa upanga wa dhahabu haurudi." Akaanza kuandika. "Ripoti yangu naipeleka leo. Mwajiri wako atapeleka yake. Ofisi ya fidia wakiona imetokana na kazi, watakulipa ukiwa unatibiwa, na kampuni itapaswa kukutafutia kazi nyepesi. Wakiona imetokana na mambo ya nyumbani, basi ni juu yako. Una kazi nyingine ya mikono?"

"Hana," alisema Orest.

Darka alikuwa ameanza kufikiria zile dazani nne.


"Lakini Darka," alisema Kendra, akiwa amefunga mlango wa chumba chake kidogo cha vioo, "pirohi je?"

"Pirohi zimefanyaje?"

"Hapa kwenye fomu ya fidia wananiuliza kama una shughuli nyingine inayochosha vidole. Ofisi nzima inajua unafinya maelfu. Umetuambia mwenyewe, na mkono umeinua. Nikiandika huna, Whitlock wa utumishi atacheka, maana yeye mwenyewe ni wa dazani mbili kila wiki."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya lini? Ule wakati, au sasa?"

Alikuwa hamchokozi. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililomuuma Darka zaidi. Akaeleza. Akasema mwaka huu hajafinya hata pirohi moja iliyobaki imefungwa. Akasema kuhusu sinki. Kuhusu nadhiri hakusema, maana hata yeye alikuwa na kiwango chake cha aibu.

Kendra aliizungusha chupa yake juu ya meza. "Mimi nakuamini. Nakuamini, kweli. Ila jina langu ndilo linakaa chini. Yupo mtu wa jikoni anayeweza kusema hivyo?"

"Mama mkwe."

"Basi Ijumaa nakuja mwenyewe kuchukua dazani zangu. Nitamuuliza tu, maneno mawili. Jumatatu napeleka ripoti."


Paraska alisikiliza habari yote akiwa anamenya kitunguu swaumu, hakuinua uso.

"Haiwezekani," alisema.

"Mama, ni maneno mawili," alisema Orest.

"Nimesimama mbele ya padri nikasema mkwe wangu ana nadhiri. Padri amemtaja kwenye mahubiri. Olha amelia. Sasa nisimame tena niseme nilidanganya, tena ndani ya Kwaresima?"

"Mkono wake unakufa, Mama."

"Naona. Nina macho." Kisu kikasimama. Akamgeukia Darka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua ule ukali wa jikoni. "Wewe hujui wanawake wale wakikuhurumia wanakuwaje. Mimi najua. Baba yake huyu alipoanza kunywa, walinihurumia miaka minane. Kila nikiingia mlangoni, huruma. Nikiomba chumvi, wananipa chumvi na huruma. Mpaka nikawa mwenye jiko ndipo walipoacha. Nimekuficha kwa sababu nakupenda, mjinga wewe."

Darka alitaka kumshika bega, akakumbuka kwamba huo mkono haungejua umeshika nini.


Ijumaa foleni ilipanda ngazi mpaka nje kwenye theluji. Darka alikuwa sinki, amevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, anasugua sufuria kwa mkono wa kushoto na kulizuia kwa kiwiko cha kulia. Kati ya sinki na kaunta kulikuwa na dirisha la kupitishia vyombo. Kupitia hapo aliiona kofia ya Kendra ikisogea, ikisogea, mpaka ikafika mbele ya Paraska.

"Dazani nne, mama. Za viazi." Kendra akasitasita. "Samahani, mimi nafanya kazi na Darka. Hizi amefinya yeye?"

Nyuma ya Kendra alikuwa amesimama padri na sahani yake. Pembeni, mezani, Bibi Olha alikuwa ameacha kufinya ili masikio yake yafanye kazi vizuri.

"Ni kazi ya nyumba yetu," alisema Paraska.

"Ndiyo, lakini yeye mwenyewe? Mwaka huu anafinya?"

"Mwaka huu mkwe wangu ana nadhiri. Anaosha masufuria kwa ajili ya Bwana wetu."

"Kwa hiyo siyo kwamba mkono una shida?"

Paraska alitazama kaunta. Alitazama padri.

"Mikono ya kina Hnatiuk," alisema, "haijawahi kuwa na shida."

Kendra akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu asilolitaka, akaanza kutafuta pochi yake. Darka alifunga bomba. Alijua kwamba pochi ile ikishafungwa, na kofia ile ikishapanda ngazi, mambo yamekwisha: Jumatatu ataandikwa mtu aliyeharibu mkono wake kwa kutengeneza chakula cha kanisa, na hatapata fidia wala kazi nyepesi, na mkono utabofya mpaka ufe. Akavua glavu kwa meno. Akatoka, aproni inachuruzika, akasimama mbele ya Bibi Olha.

"Nipe kiduara kimoja, bibi."

Olha akampa, mdomo wazi.

Darka aliweka viazi katikati. Akakunja. Kisha akafinya, mbele ya foleni nzima, na kila mtu aliona dole gumba likiteleza, likirudi, likiteleza tena, kama mtoto anayejaribu kufungua mlango wenye kitasa cha juu. Alikuwa anakodolea macho vidole vyake mwenyewe ili ajue viko wapi. Alipomaliza, kitu kile kilifanana na pirohi kiasi cha kutosha. Akakipeleka sufuriani akakitumbukiza.

Wakasubiri. Sijui kama umewahi kuona watu wazima, akiwemo padri, wakiinamia sufuria kana kwamba mna mtoto atakayezaliwa. Pirohi ilizama, ikapanda, ikageuka upande. Kwa muda kidogo ilionekana kama itasitiri aibu ya watu wote. Kisha ukingo ukaachia, na viazi vikatoka.

"Hakuna nadhiri," alisema Darka. Sauti ilikuwa ya kawaida tu. "Mkono hausikii. Tangu siku ya kwanza nilipelekwa sinki kwa sababu zangu zote zilifumuka. Mama alinisitiri. Na nyinyi kazini nimewadanganya kila wiki, Kendra, kwa sababu nilitaka mnione mzima."

Huruma ilianza kujikusanya usoni kwa wanawake wale, kila mmoja na yake, na Darka akaiona inakuja kama wingu la mvua.

Paraska akaweka mwiko chini. "Kweli tupu," alimwambia Kendra. "Zilifumuka tatu za kwanza, na nyingine zote nikazitupa nyuma ya ukumbi kabla hazijaonekana. Andika jina langu. Paraska, na Hnatiuk yenye H mwanzo." Akamgeukia padri. "Baba padri, nitakuja kuungama kesho."

"Hata leo," alisema padri. "Foleni yangu ni fupi kuliko hii."

Watu wakacheka, na wingu lile likatawanyika kabla halijanyesha. Bibi Olha peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa Darka, na ghafla akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa," alisema. "Huwezi kufinya, lakini mdomo wako mzima. Utatusimulia. Hawa wengine hawana hadithi."

Kendra alimvuta Darka pembeni, karibu na makoti. Mashavu yake yalikuwa mekundu, na mvuke wa jikoni haukuwa sababu pekee. "Naandika leo leo. Lakini nisikudanganye. Ripoti hii ikifika juu, ile nafasi ya kudumu siwezi kukushikia. Watasema tumchukue wa kazi gani, mkono unapasuliwa. Hawatalisema kwa mdomo, ila ndivyo itakavyokuwa. Ukitaka nisubiri mpaka baada ya Pasaka—"

Darka alifikiria meno mawili ya Orest. Alifikiria kidoti cha kijani. Akajaribu kukunja ngumi, na vidole vikakunjika nusu, vikaishia hapo, kama wageni wasiojua wakae wapi.

"Ipeleke," alisema.


Nafasi tatu zilitolewa baada ya Pasaka kama ilivyotangazwa. Moja alipewa Trevor, kijana wa mapokezi aliyemwambia kuhusu kifungo, na Darka alimpa mkono wa kushoto kumpongeza, akamwambia ashushe bega lake na anyanyuke kila anaposikia simu inalia. Trevor alicheka akasema ndiyo shangazi, akarudi kwenye kidoti chake. Fidia ilikubaliwa Juni. Haikuwa nyingi kama mshahara, lakini ilikuja. Kampuni ikamweka Darka kwenye simu, nusu siku, na kifaa cha kuvaa kichwani, akiwaeleza wakulima kwa nini mstari umepita pale ulipopita. Wakulima walipiga wakiwa na hasira, wakakata simu wanacheka. Hilo nalo Kendra aliliandika mahali.

Zamu yake ya kupasuliwa ilifika Oktoba. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache na hakumwahidi kitu. Alisema mlango wameupanua. Kama mshipa bado una nguvu za kupita, utapita. Ile nyama ya chini ya dole gumba asiitegemee sana.

Nyuzi ziliondolewa mwezi wa Novemba, siku yenye upepo unaochuna uso. Orest alimpeleka, safari hii bila kusingizia matairi, na walipotoka alitangulia kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Darka alifika mlangoni mwa abiria. Glavu ya kulia alikuwa bado hajaivaa, kwa sababu ya bandeji. Akashika kitasa cha chuma.

Akakiachia. Akakishika tena.

"Kimeganda?" aliuliza Orest kutoka upande wa pili. "Vuta kwa nguvu. Au subiri nije."

"Hakijaganda."

"Sasa unafanya nini? Vaa glavu, mwanamke, utaacha ngozi hapo."

Darka alikuwa anahamisha vidole juu ya kitasa, kimoja kimoja. Dole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Kisha cha kati, penye ncha kabisa, padogo kama palipochomwa na sindano.

"Orest," alisema. "Baridi."

"Najua ni baridi. Hii ni Winnipeg."

"Hapana. Hapa, kwenye kidole." Na machozi yakaanza kumtoka, ambayo kwa hali ile ya hewa si jambo la busara. "Panauma."

Orest akaacha kukwangua. Akazunguka gari na kifaa chake cha barafu mkononi, akasimama kando yake kumkinga upepo, na hakusema tena habari ya glavu.